Bibi wa watu kaniamkia mimi

Nianze na bibi mwenyewe maana bila yeye hii kitu nisingeiandika. Ilikuwa tarehe 14 Juni 2023, saa tatu asubuhi hivi, niko Hadapsar, pembeni ya mji wa Pune huko India, kando ya ile barabara kubwa inayotoka Pune kwenda Solapur, nimevaa dera na mtandio na raba, mkononi chupa ya maji. Mahujaji wa Kihindu wanapita kwa miguu tu, hawaishi. Mara bibi mmoja akachomoka kwenye mstari, kifupi, uso umekunjamana, sari ya kijani kaipitisha katikati ya miguu akaifunga nyuma kama wanavofunga wanawake wao wa shamba, akaja moja kwa moja mpaka nilipo, akainama, akanigusa miguu yote miwili, ule mkono akaupeleka kwenye paji lake la uso, akasema "Mauli", akarudi zake kwenye mstari.

Mi nikasema "marahaba".

Wallahi imetoka yenyewe. Nina miaka 21, bibi ana sabini na kitu, mimi ndo naitikia marahaba! Kwetu Tanga ningefanya hivo ningetafutiwa mtu wa kunisomea. Na ukiwaza, shikamoo yenyewe wazee wanasema asili yake ni "nashika miguu yako", tumeifupisha tumeifupisha mpaka siku hizi mtoto anaitupa huku anaangalia simu, hakuna anayekumbuka kama ndani mle kuna miguu. Sasa huku mtu kaja kanishika kweli, na kaja kinyume, mkubwa kwa mdogo, mwenyeji kwa mgeni, Mhindu kwa binti mwenye mtandio. Nikabaki nimeduwaa hapo na chupa yangu.

Mama mwenye nyumba wangu, nlikuwa namwita Kaku, yaani kama shangazi hivi kwa Kimarathi, alicheka mpaka akashika nguzo ya umeme. "Bala," akaniambia, "mrudishie na wewe." Hapa nieleze kidogo kabla hujashtuka, bala kwa Kimarathi ni mtoto, mwanangu, neno la mapenzi kabisa. Miezi yangu ya kwanza Pune nlikuwa najua huyu mama ananiona mkosi ndani ya nyumba yake. Kila asubuhi balaa njoo unywe chai, balaa umekula, balaa mbona umekonda. Nlimpigia mama Tanga nikalia.

Kwa hiyo nlikuwa Pune nasoma famasia, nimepanga chumba juu kwa Kaku. Na Pune ukiwa Mswahili hujisikii mpweke sana, wanafunzi wa Kitanzania na Wakenya wapo, na lugha nayo inakutania, gari ni gaadi, gunia ni goni, na laki yetu si ndo lakh yao, elfu mia moja palepale. Ila dini yao nlikuwa naijua kwa mbali tu, kama wengi wetu wa pwani. Wahindu niliokua nawaona Tanga ni watu wa asili ya Gujarati, tunajua Diwali, tunajua fataki na pipi, basi. Hii ya watu kutembea kwa miguu wiki tatu sijawahi kuisikia.

Inaitwa Wari. Anayeitembea anaitwa warkari. Ni ya Maharashtra hasa, hilo jimbo lenye Mumbai na Pune, na safari yote inaelekea mji mdogo wa Pandharpur, kwenye mto Bhima, ambao pale unajikunja kama mwezi mwandamo ndo maana wenyewe pale wanauita Chandrabhaga. Kwenye hekalu la pale yuko mungu wao Vitthal, au Vithoba, umbo la Vishnu na Krishna. Kila mwaka, mwezi wao wa Ashadh, siku ya kumi na moja ya mwezi mchanga, ambayo ni Juni mwisho au Julai, inabidi wawe wamefika. Siku hiyo inaitwa Ashadhi Ekadashi. Wanatoka pande zote za jimbo, misafara ni mingi, ila mikubwa ni miwili, mmoja unatoka Alandi na mwingine Dehu, vimiji viwili vilivyo karibu na Pune, kilometa kama 250 mpaka Pandharpur. Na yote miwili inapita Pune siku moja, inalala siku mbili, kisha inaondoka. Ndo hapo mimi na raba zangu tunaingia.

Kinachobebwa ndo kilinichanganya. Kuna machela, ya fedha, imewekwa juu ya gari la kukokotwa na ng'ombe, imejaa maua huoni ndani. Nikamuuliza Kaku ndani kuna nani, sanamu? Akasema hapana, ndani mna viatu. Viatu! Yaani paduka, kama mitalawanda yetu ile ya msalani ila ya fedha, alama ya miguu ya mtakatifu aliyekufa zamani. Msafara wa Alandi unabeba viatu vya Dnyaneshwar, wa Dehu vya Tukaram. Malaki ya watu wanatembea wiki tatu kuvisindikiza viatu kwenda kumsalimia mungu.

Nlidhani ni kichekesho. Baadae nikaja kuona dini hii yao nzima imeanzia miguuni.

Sikia kisa cha Pandharpur chenyewe, alivonisimulia Kaku jikoni huku anasukuma bhakri (ni mkate wa mtama, mzito, ukila mmoja mpaka jioni huna habari na njaa). Kulikuwa na kijana anaitwa Pundalik, kwanza alikuwa mtoto mbaya, anawatesa wazazi wake, baadae akajirudi akawa anawahudumia usiku na mchana. Sasa siku moja mungu mwenyewe akasikia habari zake, akaja mpaka mlangoni, akaita. Pundalik muda ule anawakanda wazazi wake miguu. Hakuinuka. Alichofanya ni kuchukua tofali lililokuwa karibu akalirusha nje, akasema simama hapo juu usikanyage tope, nikimaliza nakuja. Mungu akasimama juu ya tofali, mikono kiunoni, akasubiri. Anasubiri mpaka leo. Sanamu ya Vitthal ndo hivo ilivo, nyeusi, imesimama juu ya tofali, mikono kiunoni, na nyimbo zao zinasema amesimama hivo zama ishirini na nane.

Mi hapo ilibidi niache kula. Maana kwetu mtu akisimama mikono kiunoni mbele yako ama ana kiburi ama anakusubiri umalize ujinga wako. Huyu ndo mungu wao, katulia anasubiri, manake kijana yuko bize na miguu ya mama yake! Mi Muislamu na itikadi yangu naijua na sitaki mtu aniandikie inbox kunikumbusha, ila kama hadithi, kama kitu mtu kakaa akakiwaza, hiyo imenishika. Na sisi si tunaambiwa pepo iko chini ya nyayo za mama? Kaku nlipomwambia hiyo akaweka chini kile kimti cha kusukumia akasema rudia. Nikarudia. Akatikisa kichwa ile ya kwao ya kulia na kushoto ambayo mgeni hujui ni ndio au hapana. Ilikuwa ndio.

Turudi kwenye Mauli. Mauli maana yake mama. Ni jina la mapenzi la Dnyaneshwar, ambaye alikuwa mwanamume, tena kijana mbichi. Kazaliwa 1275, na 1296 akiwa na miaka 21 (umri wangu mimi siku ile na raba!) akaingia kwenye shimo pale Alandi, akakaa kwenye tafakuri, likafunikwa juu yake, ndo kaburi lake. Kabla ya hapo, mwaka 1290, alikuwa ameshamaliza kuieleza Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, yote kwa mashairi ya Kimarathi, kitu kinaitwa Dnyaneshwari, kwa sababu Gita ilikuwa kwa Kisanskriti na Kisanskriti kilikuwa cha wachache. Mkulima na mwanamke walikuwa nje. Yeye akaileta kwenye lugha ya sokoni. Na hakuwa mtoto wa heshima hata kidogo. Baba yake alishaiacha dunia akawa mtawa, akaambiwa na mwalimu wake rudi kwa mkeo, akarudi, wakazaa watoto wanne, na kwa sheria za Mabrahmin, tabaka lao la makuhani, wa wakati ule hilo halisameheki, wakatengwa ukoo mzima, mpaka hadithi inasema wazazi walijitosa mtoni ili watoto wasamehewe. Watoto wakabaki yatima wa kutemewa mate. Huyo ndo leo anaitwa mama, na msafara mzima kila mtu anamwita mwenzake kwa jina lake, Mauli sogea, Mauli maji, Mauli viatu vyako vimekatika, Mauli unanikanyaga. Polisi wa trafiki wanaitwa Mauli, na wao wanaita watu Mauli. Kwa hiyo bibi kunigusa miguu hakunigusa mimi mwanafunzi wa famasia, kila anayekutana naye kwenye ile njia kwake ni mama, na mama unamshika miguu, basi, umri hauna habari hapo.

Haya, nikatembea.

Siku ya kutoka Pune kwenda Saswad ndo ndefu kuliko zote, kilometa kama 30, na ndo ina mlima. Watu wengi wa Pune wenye kazi za ofisini wanatembea siku hiyo moja tu kisha wanapanda basi kurudi, na mimi nlikuwa kundi hilo, sijifanyi. Kaku yeye alikuwa anakwenda mpaka mwisho. Alishafunga nyumba, funguo ya chini kaniachia mimi, kibegi chake kimepakiwa kwenye lori la dindi yake. Dindi ni kikundi, kama jumuiya, kina namba yake na nafasi yake kwenye msafara, kingine mbele ya gari la viatu kingine nyuma, na hiyo nafasi hairukwi. Kila dindi ina lori la mahema na masufuria linalotangulia, ukifika jioni hema limesimama na moto unawaka. Anayetangulia kwenye dindi anabeba vina, kile chombo cha nyuzi, na hakiwekwi chini njia nzima, wanapokezana. Wanaume nguo nyeupe na kofia nyeupe, shingoni wamevaa shanga za mti wa tulsi, ambayo ni ndugu kabisa wa mrehani wetu, ukisugua jani unajisikia uko nyumbani. Ukivaa zile shanga umeapa, hakuna nyama hakuna pombe. Na wanawake kadhaa kwenye kila dindi wanabeba mche wenyewe wa tulsi kichwani, kwenye chombo cha shaba, siku zote zile, hawaushiki kwa mkono. Shingo zile sijui zimetengenezwa na nini.

Halafu mlio. Kila mwanamume ana matoazi madogo mkononi, mamia kwa mamia yanagonga pamoja, ngoma katikati, na wimbo unakwenda, mmoja anaanza wote wanapokea, mguu mbele mbele nyuma, wote pamoja. Na ikiisha wanaunganisha majina ya wale watakatifu wao wawili, Gyanba, Tukaram, Gyanba, Tukaram, polepole kisha haraka, mpaka kifua chako kinaanza kupiga hivohivo. Mi nimekulia kwenye maulidi na zefe, nimeona watu wazima wanavosukwasukwa na dufu, mwili wangu ulijua kabla akili haijajua. Nlijikuta miguu inafuata. Nikaisimamisha. Ikafuata tena. Nikaiacha.

Na chakula njiani! Asikudanganye mtu hija ni njaa. Kila hatua mia kuna meza, watu wa mtaa wametoka kugawa, ndizi, chai, biskuti, vada pav, maji, na si kukupa tu, wanakubembeleza uchukue, ukikataa wanaumia kweli, manake kwa imani yao thawabu ni kumlisha anayetembea. Mafundi viatu wamekaa chini wanashona ndara za watu bure. Vinyozi wananyoa bure. Kuna vijana wa chuo wamejipanga na mafuta wanakanda miguu ya wazee. Nimemuona dogo mmoja wa kuvaa saa ya bei mbaya kapiga magoti kwenye lami anaminya unyayo wa mzee mkulima, unyayo umepasuka kama udongo wa kiangazi, na mzee kalala usingizi wake mdomo wazi.

Kiangazi ndo neno lenyewe, mwaka ule mvua ilichelewa sana. Kawaida Wari inatembea kwenye mvua, mkulima anapanda mbegu zake halafu anaondoka, akirudi anakuta zimechipua. Juni ile ya 2023 mbingu nyeupe, jua kali, na wengi walikuwa wameacha mashamba makavu hawajapanda chochote. Nlimsikia mmoja anaulizwa na mwenzake umepanda? Akaonyesha juu kwa kidole bila kuongea. Akaendelea na matoazi yake.

Mchana tukafika chini ya Dive Ghat, ndo huo mlima. Barabara inajipinda kama nyoka mpaka juu, na msafara wote unaonekana kwa mara moja, kuanzia chini hadi kileleni, bendera za rangi ya zafarani na nguo nyeupe. Mji uko nyuma, magorofa yamefichwa na vumbi. Gari la viatu haliwezi kupanda kwa ng'ombe wale wawili tu wa kawaida, wanaongezwa jozi nyingine, na watu wanaimba kwa nguvu zaidi kama vile wimbo nao unavuta. Mi nlikuwa nishachoka, malengelenge mawili mguu wa kushoto, dera limelowa jasho. Wanawake wa dindi ya Kaku pale kwenye kona wakasimama wakaanza fugdi, ni mchezo, mnashikana mikono wawili, miguu karibu karibu, mnaegemea nyuma mnazunguka kwa kasi kama pia. Mabibi! Wa miaka sitini, sabini, mlimani, saa nane mchana! Mmoja akanikamata mikono bila kuuliza. Nikazungushwa mpaka mtandio ukatoka, mwingine akaukimbilia akaudaka, akanivisha tena vizuri kabisa, akanipachika na pini yake ya sari, tukaendelea kupanda. Ile pini ninayo mpaka leo.

Saswad tumefika giza linaingia. Hapo kuna kitu sijaona popote duniani na natamani vikao vyetu vya harusi vingekuwa navyo. Jioni, msafara ukifika kambini, dindi zote zinakusanyika kuizunguka machela, matoazi yanalia yote, hamsikilizani. Kuna mzee wa kazi hiyo, anaitwa chopdar, ana fimbo ya fedha. Akiinua fimbo juu, kimya. Mara moja, maelfu ya watu, unasikia mtoto analia mbali kule. Sasa dindi yenye malalamiko, labda maji hayakufika, labda wenzao wamewachukulia nafasi, yenyewe hainyamazi, inaendelea kugonga matoazi, tih tih tih, peke yao kwenye ule ukimya. Wanafuatwa, wanasikilizwa, yanatatuliwa palepale. Kisha vinatangazwa vilivyopotea na vilivyookotwa, miwani, pochi, bibi wa dindi namba fulani, ndo ibada ya jioni inaendelea.

Nisije nikaonekana nimelewa. Nlipokuwa nasubiri basi la kurudi nlikaa na jamaa wa darasani kwetu, kijana Mdalit, yaani wale waliokuwa wanaitwa wasioguswa, na yeye alikuja kumsindikiza mama yake. Nikamwambia angalia hii, watu wote wanashikana miguu, ubaguzi wenu uko wapi. Akanitazama kwa huruma. Akaniambia uliza dindi gani wanapika na nani. Kumbe dindi nyingi bado zina ukoo wake, hawa wakulima wa Kimaratha, hawa Mabrahmin, wale wafinyanzi, mnaimba pamoja barabarani, sufuria ni lingine. Zinapungua, alisema, zimechanganyika zamani hizi, lakini bado.

Akanisimulia Chokhamela. Karne ya kumi na nne, Mmahar, tabaka la chini kabisa, kazi yao kuondoa mizoga. Anampenda Vitthal kuliko kitu chochote na haruhusiwi kuingia hekaluni, kwa hiyo anasimama nje, anatunga nyimbo zake nje, maisha yake yote. Akafa ukuta ulipowaangukia yeye na vibarua wenzake. Rafiki yake Namdev, ambaye alikuwa wa ukoo wa mafundi cherehani, akaenda kufukua mifupa, na atajuaje ipi ya nani? Akaiweka sikioni mmoja mmoja, iliyokuwa inasema Vitthal, Vitthal, ndo ya Chokhamela. Wakamzika mlangoni pa hekalu, nje, mbele ya ngazi. Ngazi ya kwanza yenyewe inaitwa ya Namdev, kwa sababu aliomba azikwe pale ili kila anayeingia apite juu yake, vumbi la miguu yao limwangukie, na watu leo wanairuka, hawaikanyagi. Kwa hiyo unaona, miguu tena. Ila ya Chokhamela inauma. Watu wa ukoo wake waliendelea kubaki nje miaka mia sita hivi, mpaka Mei 1947, mwalimu mmoja mpigania uhuru, Sane Guruji, alipogoma kula pale Pandharpur siku kumi, mlango ukafunguliwa. Elfu moja mia tisa arobaini na saba! Bibi yangu alikuwa ameshazaliwa.

"Mama yangu anatembea," jamaa akasema, "mimi namsindikiza mama." Hakusema zaidi, na mi sikuuliza.

Basi ilikuja, nikarudi Hadapsar peke yangu, nyumba kimya. Kaku alikuwa ananipigia kila baada ya siku mbili tatu akipata mtu wa kumpa simu yenye chaji. Wako Jejuri. Wameviogesha viatu vya Mauli kwenye mto Nira. Wameona ringan, ambapo watu wanaacha uwanja wa duara katikati na farasi wawili wanakimbizwa, mmoja ana mpandaji na bendera, mwingine hana mtu, tandiko tupu, kwa sababu anayepanda ni Dnyaneshwar mwenyewe, na akipita watu wanajitupa kuokota vumbi la kwato wanajipaka. Kaku alipata la kujaza kitambaa. Magoti yanauma. Mvua imekuja! Hiyo alinipigia saa kumi na moja alfajiri kunambia, mwisho mwisho wa Juni, nasikia nyuma watu wanapiga kelele kama timu imefunga.

Na hapo ndo mwaka ule ulinifanyia kitu. Ekadashi iliangukia tarehe 29 Juni, Alhamisi, na Idi yetu ya kuchinja kwa India ilikuwa tarehe 29 Juni, Alhamisi. Siku moja. Mwaka wa kabla yake, 2022, ilikuwa vilevile, zote tarehe 10 Julai. Wote tunahesabu mwezi, sisi mfungo tatu kumi, wao siku ya kumi na moja, tofauti ya kuanza kuhesabu tu, ila wao kila baada ya miaka kama mitatu wanaongeza mwezi mzima kuirudisha kalenda kwenye majira, sisi hatuongezi, kwa hiyo tunakutana halafu tunaachana, 2024 tayari ilikuwa mwezi mzima katikati. Lakini wiki ile ya 2023, wakati mahujaji wetu wako Arafa, Kaku na wenzake wanaingia kituo chao cha mwisho, Wakhari, kilometa chache na Pandharpur. Nlikuwa naangalia Arafa kwenye simu na picha za Wakhari kwenye simu hiyohiyo, nguo nyeupe kwa nguo nyeupe, wakati mwingine inabidi utazame mara mbili.

Watu wana akili wakitaka. Pandharpur na miji mingine kadhaa ya Maharashtra Waislamu wakatangaza wenyewe kwamba siku hiyo tutaswali Idi, kuchinja tutachinja kesho yake, maana siku za kuchinja zipo na dini inaruhusu, na wenzetu siku hiyo wamefunga. Hakuna aliyekufa. Na si jambo la kushangaza ukijua historia yao, machela ya Tukaram ikitoka Dehu inasimama kwanza kwenye dargah, yaani kaburi la walii wa Kiislamu, Angadshah, panasomwa wimbo pale, ndo inaendelea. Na kwenye orodha ya watakatifu wao wa Wari yumo Sheikh Muhammad wa Shrigonda, jina lake hilohilo, hakubadilisha. Mama yangu aliyekuwa ananitumia voisi noti kila siku "mwanangu usije ukawa Banyani" nikamsimulia hiyo ya dargah, akanyamaza, kisha akatuma voisi ya sekunde tatu: "Haya, ila kula vizuri."

Kufunga kwao sasa, hapo niwacheke kidogo. Ekadashi wanafunga, lakini kufunga maana yake wali hamna, ngano hamna, dengu hamna. Viazi ruksa, karanga ruksa, maziwa ruksa, matunda ruksa, na sabudana ndo mfalme, zile punje nyeupe kama shanga zinapikwa na karanga na pilipili, na hizo punje zimetengenezwa kwa wanga wa muhogo. Muhogo! Yaani wanachofungia wao ndo tunachofuturia sisi Tanga. Wenyewe wana msemo kwamba Ekadashi ni kula mara mbili. Nani wa kumcheka mwenzie, Ramadhani yetu tunaijua.

Siku yenyewe Pandharpur, mji mdogo tu, watu laki kumi na zaidi. Alfajiri waziri kiongozi wa jimbo anafanya ibada ya kwanza hekaluni, na pembeni yake wanasimama mume na mke waliotolewa kwenye foleni, wakulima wa kawaida waliokuwa mbele wakati ule. Foleni yenyewe ni masaa na masaa, wengine siku nzima na usiku, kwa sababu ukifika unapewa nafasi ya kuweka kichwa chako kwenye miguu ya Vitthal, kabisa, unamgusa, sekunde moja, unasukumwa. Asiyeweza kusubiri anatazama kilele cha hekalu kwa nje, anainua mikono, inahesabika. Kaku, baada ya wiki mbili nzima za kutembea, aliangalia foleni, akaangalia magoti yake, akatazama kilele, akaenda kuoga mtoni. Nlisikitika kuliko yeye. Nikamwambia Kaku umefika mlangoni kabisa! Akasema mbona Chokhamela alibaki nje.

Alirudi Jumamosi na basi la serikali, jekundu, limejaa mpaka mlangoni. Nlimsikia geti. Kakaa kwenye ngazi ya nyumba, mweusi kwa jua, kapungua, ana mfuko wa mchele wa bisi na unga mweusi wa kunukia ambao alinipaka kidoti kwenye paji la uso kabla sijasema kitu (nikaufuta baadae bafuni, si kwa ubaya, ana habari). Mimi nlikuwa nimemuwekea kaimati za Idi ndani ya hotpoti, zisizo na yai, manake hali yai. Akala sita palepale kwenye ngazi.

Halafu akavua ndara. Sitaielezea miguu ile. Nikapanda juu nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikashuka na beseni, nikachuchumaa. Akaivuta, hapana hapana, wewe mgeni. Nikaishika. Nikasema kwa Kiswahili, sijui hata kwa nini, "shikamoo Kaku." Akauliza nini maana yake. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akaiangalia mikono yangu, akatumbukiza mguu mmoja kwenye beseni na kuutoa hapohapo kwa kelele.

"Bala! Maji ya moto!"